Fungua boksi palepale stendi: Nyuzi na makombe yanavyoharibikia njiani Shinyanga, Geita

STAND United, ambayo wenyewe wanaiita Chama la Wana, haikuzaliwa ofisini. Ilianzia stendi ya mabasi ya Shinyanga, mikononi mwa wapiga debe, ikapambana mpaka ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Msimu uliofuata wakapanda Mwadui kutoka Kishapu. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Geita Gold, ambayo msimu wake wa kwanza tu, 2021/22, ilimaliza nafasi ya nne huku straika wake George Mpole akiibuka mfungaji bora kwa mabao 17.

Hizo ndizo timu zenye majina. Nyuma yao kuna jeshi zima la timu za mchangani: za bodaboda, za wauza nguo wa Kahama, za mitaa ya Ngokolo na Kambarage mjini Shinyanga, na za vijana wa machimbo kule Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Hizi hazina mdhamini wala meneja wa vifaa. Zina katibu mwenye daftari, na mchango wa elfu mbili mbili.

Kwa timu hizi stendi ina maana nyingine. Ndipo msimu unapoanzia, au unapofia. Jezi, njumu, mipira, nyavu na kombe la bonanza, vingi vinanunuliwa Kariakoo na kupandishwa basi. Wachezaji wanahesabu siku. Mzigo unafika, unafunguliwa nyumbani kwa nahodha, na hapo kelele zinaanza: jezi zimelowa mafuta, kombe limekatika shingo, mipira mitatu imekuwa mayai.

Kinachovunjika kwanza hapo si kombe. Ni imani kwa katibu. Wapo watakaosema kanunua vya bei chee na chenji kaitia mfukoni. Akijitetea kwamba viliharibikia njiani, ataulizwa swali moja tu: ushahidi uko wapi?

Njia ndefu, mikono mingi

Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000. Basi linaondoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi, linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Tinde. Kwa mzigo wa Geita safari haijaisha. Ama unashushwa Kahama na kupandishwa gari lingine, ama unakwenda Mwanza na kurudi kupitia Kigongo na Busisi. Upande huo tangu Juni 2025 kuna Daraja la JPM, kwa hiyo ile foleni ya kivuko na mizigo kuchomwa jua imebaki hadithi.

Lakini daraja halikuondoa mikono. Mzigo unaokwenda machimboni unaweza kushikwa na watu watano au sita: muuzaji, kijana wa mkokoteni, wakala wa Dar, utingo, wakala wa Kahama, kisha dereva wa Noah au bodaboda atakayeufikisha Nyarugusu kwenye vumbi. Kila unapobadilisha gari unarushwa na kupangwa upya. Hakuna anayeona ndani kuna nini. Kwake yeye ni boksi, na boksi likikaa vizuri linafaa kukalia.

Ndani ya buti nako kuna majirani. Kuna dumu la mafuta ya kupikia, gunia la dagaa, ndoo ya rangi, pengine betri ya gari. Uzi mweupe ukilazwa usiku kucha chini ya dumu lenye mfuniko mbovu, utaingia uwanjani na harufu ya jikoni hata ukifuliwa mara nne.

Kinachoharibika na kwa nini

Kombe ndilo linaloongoza kwa kuumia, na sababu iko kwenye umbo lake. Makombe mengi ya bonanza yana kikombe chepesi juu, shingo nyembamba katikati na kitako kizito cha jiwe chini, vyote vimeshikwa na bolti moja ndefu. Gari likiruka tuta, kitako kinavuta huku na kikombe kinavuta kule. Shingo ndiyo inayolipa.

Na msidhani ni shida ya masikini tu. Aprili 2011, Real Madrid walipolichukua Kombe la Mfalme, Sergio Ramos alilidondosha kutoka juu ya basi la wazi wakati wa sherehe mitaani, na basi lilelile likalikanyaga. Likaokotwa vipande vipande. Basi halijui klabu.

Jezi nazo zina ugonjwa wao. Namba na majina mengi yanabandikwa kwa pasi ya moto, na ile plastiki ikipata joto inalainika tena. Ukizikunja namba kwa namba, ukazibana kwenye kiroba, kisha zikashinda kwenye buti la moto na mzigo juu yake, zinagandana. Ukizibandua, kumi ya mshambuliaji inabaki mgongoni mwa beki wa kati.

Mpira uliojazwa upepo dukani ukikandamizwa njia nzima unapoteza duara au mshono unaachia. Njumu zikibanwa bila kitu ndani zinavunjika kisigino. Runinga ya kibanda umiza ikilazwa chali na boksi la mtu likawekwa juu, kioo kinakuwa ramani, na wikiendi hiyo mtaa mzima unaisikiliza Simba na Yanga redioni.

Kufunga mzigo ni nusu ya mechi

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hii inazuilika Kariakoo, kabla basi halijawashwa. Muuzaji ana haraka na wateja wamepanga foleni, kwa hiyo ni mnunuzi anayepaswa kuomba, tena kabla hajatuma hela yote.

Kombe lifunguliwe nati, kikombe kifungwe peke yake na kitako peke yake, kila kimoja kwenye nguo au magazeti mengi, kisha viwekwe pande mbili tofauti za boksi. Bolti na nati zitiwe kwenye mfuko mdogo na kugandishwa ndani ya kikombe kwa selotepu. Ukifika unakaza mwenyewe kwa spana.

Mipira isafiri bila upepo, na pampu pamoja na sindano yake viwemo. Ukishaijaza, chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko. Sheria ya pili ya soka inataka sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mpira unaoyumba ukiuviringisha kwenye sakafu usiupeleke kwenye fainali. Waachie watoto.

Kati ya jezi moja na nyingine iwekwe karatasi, namba ziangalie nje na mkunjo usipite juu ya namba. Zote ziingie kwenye mfuko mzito wa nailoni uliofungwa mdomo, ndipo zitiwe kwenye boksi. Kiroba peke yake hakizuii mafuta wala mvua. Njumu zijazwe soksi ndani, hapo umelinda viatu na kuokoa nafasi.

Mwisho, andika juu ya boksi kwa kalamu nene: jina, simu, mahali unapoishia, na neno KINAVUNJIKA pande zote nne. Si kila utingo atalijali. Ila atakayelipuuza hawezi kusema hakuambiwa.

Fungua palepale

Hapa ndipo wengi wanapofungwa bao la kizembe. Unapigiwa simu mzigo umefika, unakwenda mbio, unasaini daftari, unabeba, unaondoka. Sahihi yako imeshasema kwamba ulipokea mzigo salama. Ukirudi saa mbili baadaye na kombe lisilo na shingo, wakala atakujibu kiroho safi tu: "Mbona uliondoka nalo zima, bosi wangu?"

Utaratibu ni rahisi. Kabla ya kusaini, lizunguke boksi. Angalia kona zilizobonyea, madoa, selotepu iliyokatwa na kurudishiwa. Piga picha. Kisha lifungue palepale mbele ya wakala, mwenzako akirekodi video kwa simu kuanzia boksi likiwa limefungwa hadi kitu cha mwisho kinapotoka. Video iliyoanza boksi likiwa wazi haina nguvu.

Ukikuta hasara, usigombane. Andika kwenye daftari na kwenye risiti kilichoharibika, tarehe na saa, wakala naye aandike jina lake. Akikataa kuandika, andika wewe kwamba amekataa, na shahidi wako asaini. Siku hiyohiyo mtumie muuzaji picha na umpelekee msafirishaji barua au ujumbe wa maandishi. Boksi na makaratasi yake usiyatupe, maana ndiyo yanaonyesha mzigo ulifungwaje.

Ushauri huu unafaa hata kwa vinavyokuja kutoka nje kupitia Posta, kama jezi za zamani ambazo baadhi ya mashabiki wanazikusanya. Kagua dirishani kabla ya kupokea. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, madai kuhusu kifurushi cha kimataifa yanapokelewa ndani ya miezi sita tangu kilipotumwa, kwa hiyo usikae nayo hadi ligi iishe.

Sheria inasemaje

Swali la kijiweni ni moja: nani analipa, Kariakoo au basi?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ina jibu ambalo wengi halitawafurahisha. Muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo ulioagiza, kwa kawaida inahesabiwa kwamba amekukabidhi wewe. Kwa maana hiyo hatari ya njiani mara nyingi ni yako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji aingie na msafirishaji makubaliano ya busara kulingana na aina ya mzigo. Akilitupa kombe la kioo kwenye kiroba bila kusema neno, unayo hoja ya kukataa kwamba alikukabidhi. Pia inakupa nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa umeikubali.

Ndiyo maana ujumbe mmoja wa simu kabla ya kulipa una thamani kubwa: "Mzigo ukiharibika kabla sijaupokea Shinyanga, ni juu yako." Akijibu sawa, mmekubaliana. Akikataa, umejua mapema na unaweza kwenda duka la pili.

Kwa upande wa basi, taja thamani ya mzigo na ihakikishe imeandikwa kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "boksi 1" inakupa mwanya wa kulipwa bei ya boksi. Soma pia maandishi madogo nyuma, maana wengine wanaweka kikomo cha fidia humo. Kusafirisha vifurushi na vipeto kwa malipo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya sheria ya mwaka 2010. Anza kulalamika kwa msafirishaji mwenyewe, kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko TCRA ukiwa na risiti, picha na video. Bila risiti unakwenda kusimulia hadithi.

Katibu naye alindwe

Timu zinaweza kujilinda kwa jambo dogo zaidi: katibu asiende stendi peke yake. Waende watatu, mmoja akiwa mchezaji asiye kiongozi. Video irushwe kwenye grupu la timu kabla mzigo haujatoka stendi. Kama jezi ni nzima, wote wameziona. Kama zimelowa, wote wameona zilivyolowa, na hakuna wa kunong'ona kijiweni.

Agizeni mapema pia. Mzigo unaofika Ijumaa jioni kwa mechi ya Jumamosi unapokelewa hata ukiwa umeoza, kwa sababu hakuna muda wa kuukataa. Wiki mbili mbele zinatosha kubandika namba upya kwa fundi wa mjini au kuchomelea kitako. Na ikishindikana kabisa, msiahirishe mechi. Sheria ya nne inachotaka ni rangi za timu mbili zitofautiane na za waamuzi. Vizibao vya mazoezi vya kuazima vitawavusha dakika 90.

Huku Usukumani bado kuna mabonanza ambayo zawadi ni mbuzi au dume la ng'ombe. Wengine wanayacheka kwamba ni ya kizamani. Lakini zawadi ile inatembea kwa miguu yake mpaka uwanjani, na waandaaji wake hawajawahi kugombana na wakala yeyote wa basi.