Mikrobiolojia ya Utangulizi Ikitazamwa Kutoka Taita Taveta

Kozi ya utangulizi ya mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wadogo mno ambao jicho tupu haliwaoni, hufundishwa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa kilimo, uuguzi, tiba ya mifugo na sayansi ya vyakula, na kwa kuwa wengi wao wamesikia habari za kipindupindu na kifua kikuu tangu shule ya msingi, huingia darasani wakidhani wamekuja kusoma magonjwa. Magonjwa yamo, lakini sehemu kubwa ya muhula hutumika katika suala lililo gumu zaidi, nalo ni jinsi ya kuthibitisha kwamba kitu kisichoonekana kipo, kukitenga na vingine vilivyochanganyika nacho, na kujua kinafanya kazi gani. Vitabu vinavyotumika huandikwa zaidi Ulaya na Marekani, na mifano yake ni ya huko, ilhali kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, pamoja na udongo wake, nyati wake na popo wake, imekwisha kutoa mifano inayotosha kuibeba kozi nzima, awe mwanafunzi huyo amesajiliwa Nairobi au Toronto.

Wiki za mwanzo ni za kutambulishana. Mwanafunzi huelezwa kwamba bakteria ni kiumbe wa seli moja isiyo na kiini, mwenye urefu wa kati ya mikromita 1 na 5 hivi, mikromita ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita; kwamba kuvu, wanaojumuisha hamira na ukungu wa mkate, wana seli zenye kiini kama za binadamu; na kwamba virusi si seli hata kidogo, bali ni jeni zilizofungwa ndani ya ganda la protini, zisizoweza kuzaana mpaka ziingie katika seli ya kiumbe mwingine. Mwaka 1977 Carl Woese wa Marekani alionyesha, kwa kulinganisha jeni, kuwa baadhi ya viumbe waliodhaniwa kuwa bakteria ni ukoo wa pekee, akea, na tangu hapo uhai hugawanywa katika matawi makuu 3.

Baada ya hapo huja maabara, na hapo ndipo kozi inapoanza kupata ladha. Zoezi la kawaida ni kuhesabu bakteria wa udongo: gramu 1 ya udongo hutiwa katika mililita 9 za maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo hadi kila kilicho hai kife, mchanganyiko hutikiswa, mililita 1 yake huhamishiwa katika mililita 9 nyingine, na hivyo hivyo mpaka udongo uwe umezimuliwa mara 1,000,000. Mililita 1 ya maji ya mwisho humwagwa juu ya chakula kilichoganda ndani ya sahani ya petri, na baada ya siku 1 au 2 madoa huchomoza, kila doa likichukuliwa kuwa uzao wa bakteria mmoja aliyetua hapo. Madoa 45 huhesabiwa kuwa bakteria 45,000,000 katika gramu 1, na sahani yenye madoa chini ya 30 au zaidi ya 300 haikubaliwi, kwa kuwa machache hupotosha hesabu na mengi huunganana. Hata hesabu hiyo ni pungufu mno, kwa maana bakteria wengi wa udongo, pengine 99 katika kila 100, hukataa kabisa kuota katika sahani.

Kinachogandisha chakula hicho ni agari, gundi itokayo katika mwani, iliyopendekezwa mwaka 1881 na Fanny Hesse, ambaye mumewe alifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin na ambaye aliifahamu kutokana na mapishi. Kabla yake ilitumika gelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto na ambayo baadhi ya bakteria huila. Kwa jua la mchana la mji wa Voi katika kaunti hiyo, sahani ya gelatini ingekuwa mchuzi kabla ya saa ya chai ya alasiri.

Udongo wa Milima ya Taita umepitia zoezi la namna hii kwa kiwango kikubwa. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa kimataifa wa kuhifadhi bioanuwai ya chini ya ardhi, yaani wingi wa aina za viumbe waishio udongoni, uliendeshwa katika nchi 7, na nchini Kenya maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Embu na Taita. Miongoni mwa waliotafutwa ni kuvu wanaowinda nematodi, minyoo midogo sana ambayo baadhi yake hushambulia mizizi ya nyanya na kabeji na kuijaza vifundo. Kuwapata kuvu hao kunahitaji hila, kwa sababu katika chakula kingi ukungu wa kawaida huwatangulia na kuwafunika. Kwa hiyo mtafiti hutumia agari ya maji matupu, hunyunyiza juu yake udongo kidogo, huongeza nematodi walio hai kama chambo, kisha huangalia kwa hadubini siku baada ya siku. Aliyeonekana zaidi katika udongo wa Taita ni Arthrobotrys oligospora, ambaye nyuzi zake hujikunja na kuunganana mithili ya wavu wa mvuvi. Nematodi akipita hunata, hujitupatupa kwa muda, kisha nyuzi hutoboa ngozi yake na kumla kutoka ndani.

Matokeo ya utafiti huo yangemshangaza mtu aliyezoea kusikia kwamba msitu ndio hazina ya kila kitu, maana kuvu hao walipatikana zaidi katika mashamba ya mboga, kisha katika mahindi na maharagwe, na msituni walikuwa wachache kuliko kwingine kote. Yaelekea sababu ni kwamba shamba la mboga hutiwa samadi na lina mizizi laini, vitu vinavyovuta nematodi, na mwindaji hufuata windo. Hilo halimaanishi kwamba kufyeka msitu ni heri. Linamaanisha kwamba kila kundi la viumbe lina hesabu yake, na ni somo ambalo mhadhara mtupu haulifikishi vizuri.

Udongo huo huo hutumika kueleza urutubishaji. Mkulima wa Voi aking'oa mche wa kunde au pojo huona vinundu kwenye mizizi, na ndani yake wamo bakteria aina ya rizobia, ambao hubadili nitrojeni ya hewani kuwa mbolea na kulipwa sukari na mmea. Kinundu kikipasuliwa na kuonekana chekundu kwa ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi.

Upande wa vyakula hupitiwa haraka kidogo, ingawa una mambo mazito. Bakteria anayegawanyika kila dakika 20 huzidi milioni 2 baada ya saa 7, na kasi hiyo hutegemea joto, ndiyo sababu maziwa huganda mapema zaidi Voi kuliko Wundanyi kwenye baridi ya mlimani. Kuvu nao wana upande wao mbaya: mwaka 2004 sumukuvu, sumu itengenezwayo na kuvu Aspergillus flavus katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliosajiliwa, wengi wao wakiwa wa Makueni, kaunti jirani, na Kitui.

Kwa virusi, mbuga ya Tsavo katika kaunti hiyo ina kisa kinachostahili mhadhara mzima. Sotoka, ugonjwa wa virusi uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ulidhaniwa kuwa umekaribia kwisha, hasa baada ya Walter Plowright na wenzake kutengeneza chanjo thabiti huko Muguga, karibu na Nairobi, kunako mwaka 1960. Hata hivyo, mwaka 1994 nyati na tandala wadogo wa Tsavo walianza kufa, ilhali ng'ombe wa jirani walionyesha dalili hafifu tu au hawakuonyesha kabisa. Virusi wa ukoo ule walikuwa wapole kwa ng'ombe na wakali kwa wanyamapori, jambo linaloonyesha kuwa ukali si sifa ya kijidudu peke yake bali ni uhusiano wake na mwili anaouingia. Mwaka 2011 sotoka ulitangazwa kutokomezwa duniani, ukiwa ugonjwa wa pili kufikia hapo baada ya ndui.

Kozi hufika kileleni kwa kanuni za Koch, zinazodai kwamba kijidudu kipatikane kwa kila mgonjwa, kioteshwe peke yake, kiambukize kiumbe mzima, kisha kipatikane tena. Wahadhiri wachache hutaja kwamba Koch mwenyewe, alipotafiti malale katika visiwa vya Sese vya Uganda mwaka 1906 na 1907, alitumia atoksili, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Lingekuwa jambo la haki litajwe.

Kanuni hizo zinapimwa upya na kilichopatikana Taita mwaka 2018, wakati watafiti wa Helsinki, ambao chuo kikuu chao kina kituo Wundanyi, pamoja na wenzao wa Nairobi, walipopata virusi vya Bombali katika popo wa spishi ya Mops condylurus, apendaye kulala kwenye mapaa ya nyumba. Virusi hivyo ni vya jamii ya Ebola na vilitambuliwa kwanza Sierra Leone. Katika popo wa Taita vilijulikana kwa kusomwa jeni zake, na sampuli za wagonjwa wa homa wa eneo hilo zilizopimwa hazikuonyesha kwamba yeyote alikuwa ameambukizwa. Kwa kipimo cha Koch, basi, Bombali ina jina, ina jeni zilizosomwa na ina mwenyeji anayejulikana, lakini bado haina ugonjwa wowote unaoweza kuhesabiwa kuwa wake.