Mkono Usiotulia Usoni

Tukimtazama mama aliyeketi barazani akizungumza na wenziwe, tutaona mkono wake hautulii: mara warekebisha mtandio, mara wafikicha jicho, mara wapangusa mdomo. Hayo huyafanya bila ya kujitambua. Mwaka 2015 watafiti wa Sydney, Australia, walichapisha hesabu yao baada ya kuwatazama wanafunzi 26 wa udaktari wakiwa darasani. Kwa wastani kila mmoja alijigusa uso mara 23 kwa saa, na katika kila miguso 100, 44 ilikuwa ya macho, pua au mdomo. Ikiwa hao ndio wanaosomea maradhi, sisi wengine tujihesabu wenyewe.

Ngozi ya shavu ni ngome. Macho, pua na mdomo ndiyo milango, kwani mna utando laini wenye unyevu ambao virusi vya mafua huupenya kwa wepesi. Mchukuzi ni mkono ulioshika noti dukani, chuma cha matatu na kitasa cha mlango.

Pwani yetu iliyaona haya mwanzoni mwa mwaka 2024, maradhi ya macho mekundu yalipozagaa Mombasa. Mtu hufikicha jicho lake, akamshika mtoto. Mtoto naye akajifuta kwa taulo ya dadake. Na hapa tuseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kijiti kimoja cha wanja kikizunguka macho ya watu watano siku ya harusi, hiyo ni njia fupi kuliko hata mkono. Kila mtu na wanja wake.

Kumkanya mtoto asijiguse uso ni kazi bure. Sisi watu wazima hatuwezi. Lililo jepesi ni kuisafisha mikono. Twatawadha mara tano kwa siku, alhamdulillahi, na maji hayo huondoa mengi. Lakini mafuta ya mikononi, yanayonasa viini, hayatoki vyema ila kwa sabuni. Tena virusi vingi, vikiwemo vya korona, vimefunikwa kwa utando wa mafuta, nao sabuni huupasua. Tusugue kwa sekunde 20, baina ya vidole na chini ya kucha, hasa tutokapo msalani, turudipo sokoni na kabla ya kuzunguka sinia. Birika la kuwanawisha wageni nalo liandamane na kipande cha sabuni. Nyumba nyingi huleta maji matupu.