Wepesi kwenye Kona za Magara

Ukishuka kutoka Mbulu mjini kuelekea Magara, unateremka ukuta wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona, Ziwa Manyara likiwa chini. Huko ndiko ningempeleka anayeamini kwamba gari la michezo ni ukubwa wa injini.

Tuanze na breki. Kwa kila mita 100 za kimo inachoshuka, V8 ya kilo 2,600 lazima ipunguze nishati ya kilojuli 2,550 hivi. Kigari cha kilo 900 hupunguza kama 880 tu. Isipomezwa na injini kwenye gia ndogo, sehemu kubwa ya nishati hiyo huwa joto la breki, na ile harufu ya kuungua abiria wanaijua.

Kwenye kona watu hubisha: si gari zito hukandamiza tairi, likashika barabara zaidi? Hushika zaidi, ila si kwa kiwango kilekile. Ukizidisha mzigo juu ya mpira mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili, ilhali nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huongezeka hivyo hasa. Gari likiwa refu kwenda juu, mambo huharibika zaidi: tairi za nje hubeba karibu kila kitu, za ndani zinagusa tu.

Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na nguvu za farasi 118 hivi, na Noah nyingi za abiria zinaipita. Lakini haikufika kilo 800, na injini ilikaa nyuma ya viti, karibu na katikati. Uzito ukikusanyika katikati, gari hugeuka mara tu usukani unapoguswa.

Na matope? Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1964 Erik Carlsson na Gunnar Palm walishika nafasi ya pili kwa Saab 96, injini ya silinda tatu, cc 841, ikivuta magurudumu ya mbele yaliyolaliwa na uzito wake. Walipokwama walilibiringisha gari lenyewe hadi likatoka topeni. Jaribu hivyo na V8 kwenye udongo mweusi wa Hanang wakati wa masika!

Kwangu mimi, Saab ile ilikuwa gari la michezo kuliko IST yoyote iliyofungwa spoila na ekzosi ya kelele. Hata Probox ya Katesh ina dalili za gari la michezo asubuhi, ikienda stendi tupu. Ikishapakia watu tisa wa kilo 60 kila mmoja, kilo 540 zimeongezeka, karibu nusu ya uzito wake, na dereva anaanza kukata kona mapema kama wa lori.