Sura ya Nane: Vikavu Kutoka Bara, Kitoweo Kutoka Baharini

Familia ya watu 8 iliyopanga nyumba Jambiani kwa siku 6 ina milo 18 ya kuandaa, yaani sahani 144, bila kuhesabu maembe yanayoliwa kila watoto wanapotoka majini. Hesabu hiyo huwatisha wengi, wakafunga mizigo ya chakula kana kwamba Unguja haina soko. Wengine hushuka bandarini mikono mitupu, wakidhani duka la kijijini lina kila kitu, na kufikia siku ya pili wanakula mikahawani kwa bei ya watalii. Mpango mzuri huanza na swali moja kuhusu kila chakula unachokusudia kupika: kinatoka wapi?

Unguja haijitoshelezi kwa chakula. Mchele mwingi unaoliwa pale huagizwa kutoka nje ya kisiwa, na vitunguu, viazi mbatata na maharage huvuka bahari kutoka bara. Kitunguu unachokikuta Jambiani kimeshapita sokoni, chomboni na garini, na kila mkono uliokipokea umeongeza chake. Anayetoka Dar es Salaam atanunua vitu hivyo huko huko kabla ya kupanda boti. Lakini samaki, pweza, nazi, muhogo, ndizi na viungo ni vya pale pale. Kuvibeba ni kujichosha bure.

Kwa hiyo andika orodha mbili. Ya vikavu iwe ya safari nzima. Ya vibichi isizidi siku moja. Kwa familia yetu ya watu 8, watoto wakiwemo, wali wa mara moja kwa siku unataka kilo 7 za mchele. Ongeza kilo 4 za unga wa ngano kwa chapati na maandazi, kilo 3 za sembe, kilo 2 za maharage na kilo 1 ya choroko, mafuta lita 3, sukari kilo 2, vitunguu kilo 4 na viazi kilo 5. Chumvi na majani ya chai usiviache, maana ndivyo vinavyosahaulika kila mara. Bebeni vikapu: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na bara ikafuata Juni 2019.

Kutoka bandarini, kabla gari halijaelekea mashariki, simameni Darajani. Soko hilo, lililojengwa 1904, liko karibu na bandari, na asubuhi ndipo linapokuwa na uhai. Hapo nunua nyanya, pilipili hoho, ndimu, tangawizi na viungo vya pilau. Bidhaa nyingi huuzwa kwa mafungu, basi linganisha mafungu mawili matatu kabla hujalipa. Nyanya chagua za kuiva leo na za kuiva keshokutwa. Ijumaa wahi, kwa sababu maduka mengi hufungwa wakati wa sala.

Kitoweo ndicho chenye elimu yake, na elimu hiyo iko mbinguni na baharini kwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, bahari huwa ya bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwamba unaikinga bahari kwa mbali, maji ya bamvua hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na wanawake na wanaume hutembea hadi mwambani kutafuta pweza. Mpishi anayelijua hilo hupanga pweza wa nazi kwa siku hizo, naye humpata akiwa ametoka majini punde. Siku za maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na pweza huadimika. Vipo pia vijiji, Unguja na Pemba, vinavyofunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiambiwa mwamba umefungwa, kubali na upike kitu kingine, kwa kuwa wavuvi hao wanalinda riziki ya mwaka mzima.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wake hupumzika. Na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, ngalawa nyingi hubaki pwani na bei ya samaki hupanda. Siku kama hizo ndizo za maharage ya nazi. Ukitazama mwezi kabla ya kupanga tarehe za likizo, nusu ya mapishi umeshayajua.

Nenda dikoni vyombo vinaporudi, ukiwa na deli lenye barafu. Samaki mbichi ana macho maangavu, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Changu na tasi wa kilo 2 na nusu hadi 3 watawatosha watu 8, kwa kuwa kichwa, miba na matumbo hupunguza karibu nusu ya uzito. Jodari na vibua watieni barafu papo hapo. Wakikaa juani, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama, na moto wa jikoni hauiondoi: mlaji huwashwa, uso humwiva na kichwa humuuma muda mfupi baada ya kula. Samaki wa namna hiyo akishalala kwenye joto, hata awe wa bei ya chini namna gani, mwacheni.

Chakula cha nazi nacho hakisubiri. Tui huchacha upesi kwenye joto la pwani, kwa hiyo pika kinachotosha mlo mmoja, na chochote kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Wala usiiamini friji kupita kiasi. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, na waya huo ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Njia mpya iliwekwa 2013, ila katizo fupi bado linatosha kuharibu friza iliyojaa nyama ya wiki.

Maji ya visima vingi vya mashariki yana chumvi. Weka lita 20 za kunywa kwa siku kwa watu 8. Na kama safari imeangukia Ramadhani, migahawa ya vijijini hufungwa mchana, lakini alasiri huuzwa futari nzuri ya mihogo, majimbi na mashelisheli. Nunueni, na watoto wafundishwe kutokula hadharani.

Kabla hujalipa hata shilingi ya kushikia nyumba, mpigie mwenye nyumba umuulize: mtungi wa gesi una kilo ngapi na umejaa? Friji ina ukubwa gani? Maji ya kunywa yanaletwa na nani? Ipo mbuzi ya kukunia nazi? Na kama kuna mpishi wa hapo kijijini, omba uzungumze naye kabla ya kufunga orodha yako, kwa maana anajua bahari ya wiki hiyo kuliko kitabu hiki.