Motokaa Kuukuu Inayomisi: Jinsi ya Kuutafuta Ubovu Unaorudi

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet motokaa kuukuu zingali na kazi nyingi. Pikapu za Peugeot 504, Land Rover na Toyota za miaka ya sabini na themanini hubeba maziwa, mbolea, kuni na watu kati ya Kabianga, Litein na mji wa Kericho. Mwenye gari la namna hii huujua mlio wa injini yake kama mchungaji aijuavyo kengele ya ng'ombe wake. Siku mlio huo unapokatika-katika, gari likatetemeka na kulegea mlimani, hana haja ya kuambiwa kwamba pana ubovu. Mafundi husema kwamba gari "linamisi", maana yake silinda moja au zaidi inakosa kuwaka kwa wakati wake.

Ubovu huu huwatia watu hasara kubwa kwa sababu una tabia ya kurudi. Mtu hununua plagi mpya, gari likapona siku chache, kisha likaanza tena. Hununua koili, mambo yakawa yale yale. Mwishowe fedha za bonasi ya chai zimekwisha, na gari lingali linamisi. Sababu yake ni moja: kila mara kimeondolewa kitu kilichoharibika, na kile kilichokiharibu kimeachwa mahali pake. Plagi iliyojaa masizi ni shahidi. Mkosaji yuko kwingine, na yule atafutaye kwa utaratibu atamkuta.

INJINI HUWAKAJE

Injini ya petroli yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Ili kila silinda iwake yahitajiwa mambo matatu: hewa iliyochanganyika na petroli kwa kadiri yake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kali ifikayo kwa wakati wake. Likikosekana moja, mchanganyiko ule hutoka bila kuungua.

Petroli isiyoungua hufanya madhara. Huosha oili iliyo kwenye kuta za silinda, na pete za pistoni zikasagika. Nyingine huchuruzika hadi chini, ikaifanya oili ya injini kuwa nyepesi. Tena gari linalolegea ghafla wakati wa kulipita lori mlimani laweza kuleta msiba. Kwa hiyo kumisi si jambo la kuahirishwa mpaka msimu ujao.

Cheche yenyewe huanza katika betri yenye volti 12. Koili huupandisha umeme huo hata ukapita volti 10,000, na distribyuta huugawa kwa kila plagi kwa zamu. Umeme wenye nguvu kiasi hicho hutafuta njia rahisi. Ukikuta maji, uchafu au ufa, hutorokea huko, na plagi hukaa bila cheche.

NCHI YA MVUA NA MILIMA

Kabianga iko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kericho uko juu zaidi. Katika Kericho mvua hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri, pepo za Ziwa Victoria zikutanapo na milima. Mvua hiyo ndiyo iustawishayo mchai, lakini hailipendi gari kuukuu. Gari likilala nje usiku, umande hukusanyika juu ya nyaya za plagi na ndani ya kifuniko cha distribyuta.

Jambo la pili ni hewa. Mahali palipoinuka namna hii mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ule wa pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa, ikiletwa Kabianga, hutoa petroli nyingi kuliko hewa. Injini hula petroli kupita kiasi, moshi huwa mweusi, na plagi hujaa masizi upesi. Basi mtu aliyenunua gari pwani, akawa anabadilisha plagi kila mwezi, yampasa kuitazama kabureta kabla ya kurudi dukani.

SWALI LA KWANZA: HUMISI WAKATI GANI?

Kabla ya kushika spana, mwenye gari na ajiulize ubovu huja lini. Jibu lake lina thamani kuliko kifaa chochote.

Gari likimisi asubuhi yenye ukungu au baada ya mvua, kisha likatulia injini ipatapo joto, unyevu ndio wa kushukiwa kwanza: nyaya, kifuniko cha distribyuta na rota yake.

Likiwaka vizuri asubuhi, kisha likaanza kumisi baada ya mwendo mrefu, yafaa kuchunguza koili na kondensa, kwa maana vitu hivi vikizeeka hushindwa na joto.

Likimisi mlimani tu likiwa na mzigo, huenda petroli haifiki ya kutosha kwa sababu ya filta iliyoziba au pampu iliyochoka. Au cheche ni dhaifu, kwa kuwa injini yenye mzigo huhitaji cheche yenye nguvu zaidi.

Likimisi likiwa limesimama na injini inazunguka polepole, kisha likapona likikanyagwa, huenda hewa inapenya kwenye gasketi ya manifoldi au mpira uliopasuka, au vali haifungi sawasawa.

Likimisi wakati wote, katika jua na mvua, yaelekea silinda moja haifanyi kazi kabisa, na ni rahisi kuitambua.

SWALI LA PILI: NI SILINDA IPI?

Zima injini. Toa waya wa plagi ya kwanza, tia plagi ya akiba mwishoni mwa waya huo, na uilaze ikigusa chuma cha injini mahali pa wazi, mbali na kabureta na mpira wa petroli. Kisha washa injini na usikilize. Ikiwa mlio umezidi kuwa mbaya, silinda hiyo ilikuwa nzima. Ikiwa haukubadilika, silinda hiyo ndiyo inayokosa. Zima, rudisha waya, uende kwa ya pili, hata zote nne zimalizike. Mtu asivute nyaya kwa mkono injini inapozunguka, kwani umeme wake hurusha mtu, na mkono unaoruka waweza kuangukia feni.

Silinda zote zikionekana kukosa kwa zamu bila mpango, ubovu uko katika kitu kinachozihudumia zote: koili, pointi, kondensa au petroli. Silinda moja tu ikikosa, ubovu uko katika njia yake yenyewe. Hapo hamisha plagi yake uitie katika silinda nyingine. Ubovu ukiifuata plagi, plagi ndiyo mbaya. Usipoifuata, fanya vivyo hivyo na waya, ikiwa urefu wake watosha. Usipoufuata waya pia, tazama kifuniko cha distribyuta, kisha vali na mgandamizo. Kazi hii haihitaji kununua kitu.

USHAHIDI WA PLAGI

Plagi ikitolewa husema mengi. Yenye rangi ya udongo wa kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Yenye masizi makavu meusi yaonyesha petroli nyingi au cheche dhaifu. Iliyolowa oili yaonyesha kwamba pete za pistoni au miongozo ya vali imechakaa. Nyeupe kama jivu yaonyesha joto kali, labda kwa sababu hewa imezidi petroli. Zote nne zipangwe kwa taratibu ya silinda zake. Ikiwa zote ni nyeusi, kabureta yahusika. Ikiwa ni moja tu, silinda ile ina shida yake.

CHECHE INAYOTOROKA

Njia rahisi ya kuona umeme unaotoroka ni kufungua boneti usiku, mahali penye giza, injini ikizunguka. Cheche ndogo za buluu zitaonekana zikitambaa juu ya nyaya mbovu. Zikiwa hazionekani, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Ukungu wa Kabianga utakuwa umeletwa gereji. Kifuniko cha distribyuta kitolewe injini ikiwa imezimwa, kifutwe kwa kitambaa kikavu na kutazamwa ndani kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, ni njia ambayo umeme umejichimbia. Kifuniko cha namna hiyo hakiponi kwa kufutwa, budi kibadilishwe.

Katika magari yenye pointi, pengo lake kwa kawaida ni karibu nusu milimita, na kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Pointi zilizoungua hupigwa msasa au kubadilishwa. Lakini zikiungua tena baada ya muda mfupi, kondensa ni mbaya. Na pengo likikataa kukaa kama lilivyopimwa, shikeni mhimili wa distribyuta, mwujaribu kwa kuutikisa kando. Ukicheza, bushi yake imelika. Hiki ni chanzo ambacho wengi hukipita, wakawa wananunua pointi mwaka mzima.

PETROLI NA MGANDAMIZO

Tangi la gari kuukuu huwa na kutu, na maji hukusanyika chini yake. Filta itolewe na kutazamwa. Petroli kidogo imiminwe katika chupa safi iachwe itulie, na maji yakiwamo yatajitenga chini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa pia huleta kumisi, milio ya kugonga na masizi. Ulaghai huo ulienea hata mwaka 2018 serikali ya Kenya ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya iondoke. Ikiwa gari lilianza kumisi siku ile ile lilipojazwa petroli, chanzo si cha kutafutwa mbali.

Hayo yote yakiwa mazuri, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Linalotazamwa zaidi ni tofauti baina yao. Moja ikiwa chini sana, atie matone ya oili katika tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, pete zimechakaa. Kisipopanda, vali haifungi au gasketi ya silinda hedi imeungua. Katika mwanzo wa mwaka 2006 petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na lilikuwa jambo jema kwa afya, hasa ya watoto. Lakini baadhi ya injini za zamani ziliitegemea risasi ile kuvilinda viti vya vali. Viti vikilika, vali huzama, nafasi ya tapeti hupungua, na hatimaye vali hukaa wazi kidogo. Kwa hiyo nafasi za tapeti zipimwe mara kwa mara.

KITU KIMOJA KWA WAKATI MMOJA

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: badilisha kitu kimoja, lijaribu gari katika hali ile ile iliyoleta ubovu, ndipo uende kwa kingine. Lililomisi katika ukungu lijaribiwe katika ukungu. Lililomisi mlimani na mzigo lipandishwe mlima na mzigo. Anayebadilisha vitu vinne siku moja hata akifaulu hajui kilichomponyesha gari, na ubovu ukirudi ataanza upya.

Yafaa pia kuweka daftari ndogo garini. Ndani yake iandikwe tarehe, hali ya hewa, gari lilimisi wapi, kimebadilishwa nini, na kwa bei gani. Fundi akabidhiwapo daftari hiyo huwa amepewa nusu ya jibu, na mwenye gari hawezi kuuzwa koili mara ya pili kwa ubovu wa kifuniko. Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Katika barabara zenye utelezi za nchi ya chai, na katika gereji pia, neno hilo ni la kweli.