Je, Wajua? Malkia wa Nyuki Naye Huachishwa Kazi

Je, wajua kwamba malkia wa nyuki hatawali? Binti zake, nyuki wafanyakazi, ndio wanaoamua kwamba sasa amechoka. Mayai yakipungua na harufu yake ikififia, huanza kumlea mrithi yeye akiwa bado yumo mzingani.

Je, wajua kwamba yai la malkia na la mfanyakazi ni yai lile lile? Kinachotofautisha ni malezi. Mteule hulishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho, ndani ya chumba kirefu kinachoning'inia kama ganda la karanga. Hutoka baada ya siku 16 hivi. Mfanyakazi huchukua kama 21.

Chumba hicho kilipo ndipo penye habari. Viwili vitatu katikati ya sega: wanambadilisha malkia, waache. Vingi kwenye ukingo wa chini: kundi linajiandaa kugawanyika na nusu itahama. Wapo wafugaji wanaobomoa kila chumba wanachokiona. Haraka hiyo huzaa mizinga yatima.

Je, wajua kwamba malkia akifa ghafla, nyuki wanahitaji lava wa chini ya siku tatu ili kumpata mwingine? Kama hawapo, hamishia humo sega lenye mayai mabichi kutoka mzinga mwingine. Ukichelewa wiki kadhaa, wafanyakazi wenyewe wataanza kutaga, mayai mawili matatu katika tundu moja, na yote yatatoa madume tu. Hapo kuokoa kundi ni kazi ngumu kwelikweli.

Malkia wa kununua haachiliwi tu mzingani. Mwondoe wa zamani kwanza, kisha mwingize mgeni katika kitundu kilichozibwa kwa donge la sukari. Nyuki watalila kwa siku kadhaa huku wakimzoea kwa harufu. Bila hivyo watamzingira mpaka afe.

Je, wajua kwamba aliyethibitisha kuwa malkia hupandwa nje ya mzinga alikuwa kipofu? Ni François Huber wa Uswisi, aliyetumia macho ya msaidizi wake, Burnens. Kitabu chake kilitoka mwaka 1792. Malkia huruka, hupandwa angani na madume kumi na zaidi, na mbegu hizo humtosha maisha yote. Keremkerem akimdaka njiani, kundi limekwisha, usipoliwahi.

Je, wajua kwamba ukali wa kundi hufuata damu ya malkia? Mbadilishe, na kadiri binti wa yule wa kwanza wanavyokufa, mzinga hubadilika tabia.

Brazil wanaujua ukali huo. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka huko malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata mtu aliondoa vizuizi vya kuwabana malkia kwenye milango ya mizinga, na makundi 26 yakatoroka. Wajukuu wao waliingia Texas mwaka 1990.