Filbert Bayi, Mkimbiaji Aliyetangulia

Mwenyekiti wa kila kikundi na ahakikishe kwamba walioketi nyuma wanasikia, na mwenye penseli na karatasi akae karibu na taa, maana leo tuna hesabu kidogo.

Baada ya somo lililopita, kikundi kimoja cha Mgololo kiliniletea swali. Waliuliza hivi: Huyu Filbert Bayi anayetajwa kila panapozungumzwa habari za mbio, mbona hakupata medali ya dhahabu ya Olimpiki hata moja? Basi ubingwa wake ni upi? Swali hili ni zuri, wala halijibiwi kwa neno moja. Ndilo somo letu la leo.

Filbert Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, katika nchi ya juu ya kaskazini, ambako ni baridi kama kwetu Mufindi na watu wamezoea kupanda na kushuka vilima kwa miguu. Alipokuwa kijana aliingia jeshini, na huko ndiko alikopata nafasi ya kufanya mazoezi ya kweli. Mwaka 1972 alipelekwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich, huko Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alitolewa katika mbio za mchujo, akarudi nyumbani bila kitu. Watu wachache sana walilishika jina lake.

Lakini mwezi wa Januari mwaka 1973 palikuwa na Michezo ya Afrika mjini Lagos, Nigeria. Katika mbio za meta 1500 alikuwapo Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye alikuwa ameshinda mbio hizo hizo katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Bayi alimshinda Keino. Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza, kijana huyu ametoka wapi?

Sasa tueleze jambo lililomfanya Bayi awe tofauti na wengine. Mbio za meta 1500 ni duru tatu na robo tatu za uwanja wa meta 400. Desturi ya wakimbiaji wengi ni kukaa pamoja katika kundi, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake, mpaka duru ya mwisho, ndipo wanapofyatuka. Mnajua sababu yake. Unapopita asubuhi katika njia ya majani, anayetangulia ndiye anayelowa umande, na wanaomfuata hupita pakavu. Mbio ni vivyo hivyo. Aliye mbele huupasua upepo kwa kifua chake, naye anayemfuata hupata nafuu. Tena aliye mbele hawaoni adui zake. Husikia vishindo vya miguu yao tu, asijue kama wamechoka au wanamvizia.

Bayi aliikataa desturi hiyo. Yeye alikimbia mbele tangu bunduki ilipolia, kwa kasi ambayo wengine waliiona kuwa ni wazimu, akawaacha wachague: ama wamfuate wakati ule ule na kuchoka mapema, ama wamwache aende zake na kutumaini kwamba atakwisha nguvu. Hila hii huonekana rahisi kwa mtu aliyeketi kwenye benchi. Kwa anayeikimbia ni jambo la kutisha, kwa sababu akikosea kidogo tu katika duru ya kwanza, duru ya mwisho humwadhibu mbele ya watu wote.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bunduki ililia, Bayi akaondoka. Nyuma yake walikuwamo John Walker, kijana wa nchi ile ile ya New Zealand, na Ben Jipcho wa Kenya. Katika duru ya mwisho Walker alianza kumkaribia, na watu wa kwao uwanjani wakasimama wakipiga kelele. Kwa desturi, mtu aliyetangulia tangu mwanzo hupitwa hapo. Bayi hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, nayo ikaandikwa kuwa rekodi mpya ya dunia, 3:32.2. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, ya tangu mwaka 1967. Hata Walker aliyekuwa wa pili aliivunja rekodi hiyo ya zamani siku ile, na Jipcho akawa wa tatu. Yaani Bayi alikimbia kwa kasi iliyowavuta na wenzake.

Mwenye penseli na aandike. Dakika 3 na sekunde 32 ni sekunde 212. Gawanyeni kwa 15, maana meta 1500 ni meta 100 mara kumi na tano. Mtapata sekunde 14 na kidogo. Kiwanja cha mpira kina urefu wa meta 100 hivi, goli hadi goli. Basi fikirini mtu anayekimbia goli hadi goli kwa sekunde 14, bila kupumzika, mara kumi na tano.

Rekodi hiyo ya dunia ilikaa mpaka mwaka 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoipunguza kwa sehemu ya kumi ya sekunde moja tu. Na kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilidumu miaka 48. Ilivunjwa Birmingham mwaka 2022. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa Christchurch walikuwa wamekwisha kuwa na wajukuu, baadhi yao.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaivunja rekodi nyingine ya Ryun. Hii haikukaa sana. Miezi mitatu baadaye Walker aliiteremsha mpaka 3:49.4. Sasa dunia yote ikawa inangoja jambo moja: Bayi na Walker wakutane katika Olimpiki ya Montreal, Canada, mwaka 1976.

Hawakukutana.

Hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la swali la Mgololo. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, ambako Waafrika walikuwa wanakandamizwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Mwezi Juni mwaka huo huo wanafunzi walipigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand isiruhusiwe kuingia Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ikakataa. Basi zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikasusia michezo, na Tanzania ilikuwa mojawapo.

Mimi naona nchi yetu ilifanya sawa. Lakini tusiseme jambo hilo kwa wepesi, kana kwamba halikuwa na bei. Bei yake ililipwa na watu wachache, na mmoja wao ni kijana wa miaka 23 aliyekuwa katika nguvu zake. Ni kweli pia kwamba malaria ilikuwa imemsumbua wakati ule, na hatuwezi kuapa kwamba angeshinda. Ninachoweza kuwaonyesha ni hiki: Walker alishinda Montreal kwa 3:39.17, sekunde 7 nyuma ya ule muda wa Christchurch. Walker alikuwa mkimbiaji hodari, wala simpunguzii. Ila siku ile wakimbiaji walikaa katika kundi wakitazamana. Aliyezoea kulowa umande hakuwapo.

Miaka minne ikapita. Mwaka 1978 Bayi alipata medali ya fedha Edmonton, Canada. Mwaka 1980 alikwenda Olimpiki ya Moscow, na safari hii hakuingia meta 1500. Aliingia meta 3000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizi kuna viunzi 28 na mabwawa 7 ya maji, na kila ukiruka unapoteza nguvu kidogo. Akafanya kama kawaida yake: alitangulia, akawaacha wengine mbali. Katika duru ya mwisho Bronislaw Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita. Bayi akawa wa pili kwa 8:12.48, akapata medali ya fedha. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika meta 5000. Mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali za Olimpiki za Tanzania zilikuwa hizo mbili tu.

Baadaye Bayi alikwenda kusoma El Paso, Texas, Marekani. Alirudi, akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na pamoja na mkewe Anna akaanzisha shule Kimara na Kibaha. Sisi tulio katika kazi ya elimu tunalipenda sana jambo hilo.

Kazi ya vikundi kwa juma lijalo: nendeni kiwanja cha shule, mmoja ashike saa yenye mshale wa sekunde, na vijana wakimbie goli hadi goli. Andikeni sekunde za kila mmoja. Kisha mjadiliane swali hili: kama mngekuwa mnakaa na kijana huyo nyumbani mwezi ule wa Julai 1976, mngemwambia nini? Leteni majibu, nami nitasoma machache hapa redioni.